Walioikataa Chai Yenye Maziwa

Niliwahi kuitwa mbele ya bodi ya shule nijibu kwa nini nimefundisha somo langu vizuri. Mashtaka hayakuandikwa kwa maneno hayo, lakini maana yake ilikuwa hiyo, na niliingia chumbani mle nikijua hivyo.

Shule yetu ni ya wasichana, ya bweni, imekaa kwenye mteremko juu ya Mamboleo. Ukisimama kwenye dirisha la kidato cha nne unaona malori yakipunguza mwendo kwenye makutano, kisha mabati ya mji wa Kisumu, na nyuma ya mabati ziwa, ambalo miezi mingine huwa kijani kwa gugu maji utadhani ni shamba. Nimefundisha historia katika chumba hicho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote.

Mkuu wa shule aliyeletwa kwetu wakati huo alikuwa mama mchapakazi. Nalisema hilo mapema, maana wanaosimulia kisa hiki mjini humfanya dikteta, na mimi nilifanya kazi naye. Alikuta matokeo yameporomoka na wazazi wa Milimani, mtaa wa wenye nacho, wakiwahamisha binti zao mmoja mmoja. Kabla ya kengele ya kwanza alikuwa langoni. Alipaka madarasa rangi, akawarudisha walimu watoro kazini, akanunua vitabu. Matokeo yakaanza kupanda. Sisi walimu tulimheshimu, na wasichana pia walimheshimu.

Kisha akafanya mambo mawili bila kumuuliza mtu. Alifuta uchaguzi wa baraza la wanafunzi, kwa kuwa kampeni zilileta kelele, na viranja wakawa wanateuliwa na ofisi. Halafu akachukua alasiri ya Jumamosi, ambayo wasichana waliitumia kufua, kusukana nywele na kucheza voliboli, akaijaza masomo ya ziada. Yote mawili aliyatangaza kwenye gwaride la asubuhi, akatuombea siku njema, akarudi ofisini.

Muhula huohuo mtaala ulinitaka nifundishe serikali ya Marekani: rais, mabunge yao, mahakama yao. Siwezi kumfundisha mtoto matawi ya mti bila kumwonyesha mzizi. Kwa hiyo nilianza na makoloni ya Waingereza yaliyokuwa upande ule wa Atlantiki, na jinsi watu waliompenda mfalme wao walivyofika mahali pa kumpiga vita.

"Hawa walowezi," niliwaambia, "walijiona Waingereza kamili. Siku ya kuzaliwa kwa mfalme walinywa kwa afya yake."

Msichana mmoja wa mstari wa mbele akainua mkono. Alikuwa binti wa mama anayenunua samaki Asembo Bay na kuwauza mjini, mtoto mwenye sauti ya upole na maswali yasiyo ya upole.

"Madam, hapa Kenya walowezi ndio waliochukua mashamba ya watu. Sasa hawa wa Marekani tuwahurumie?"

Darasa likacheka. Mimi nililipenda swali hilo.

"Sikwambii uwahurumie. Nataka uwaelewe. Hawa nao walikaa kwenye ardhi ya wenyeji waliowakuta pale, na mashamba yao mengi yalilimwa na watumwa waliotolewa huku Afrika. Andika hilo kwanza kabla hujaandika lingine."

Akaandika. Kisha akauliza, "Na walipopata uhuru, waliwaachilia watumwa?"

"Wengi wao hawakuwaachilia. Ilibidi vije vita vingine, miaka mingi baadaye."

"Basi walikuwa wanafiki."

"Wengi, ndiyo. Lakini mnafiki naye anaweza kusema neno la kweli. Hebu tulisikilize neno lenyewe."

Nikawaeleza. Himaya ilikuwa imepigana vita virefu na Wafaransa, hazina ikabaki tupu, na bunge la London likaamua watu wa makoloni wachangie. Katika bunge hilo hakuketi hata mtu mmoja waliyemchagua wao. Kwanza ilikuja kodi ya karatasi: gazeti, hati ya shamba, hata karata za kuchezea. Wakaandika kulalamika, wakagoma kununua bidhaa za Uingereza, kodi ikaondolewa. Lakini bunge likatangaza papo hapo kwamba lina haki ya kuwatungia sheria yoyote, katika jambo lolote. Kodi nyingine zikafuata. Askari wakaletwa wakae katikati ya mji. Watu wakauawa barabarani.

"Halafu ikaja chai," nikasema. "Na hapa mnisikilize vizuri, maana wengi hukosea. Chai ile haikuwa ghali. Serikali ilikuwa imepanga iwafikie kwa bei ya chini kuliko waliyokuwa wakinunua kwa magendo. Ilikuwa chai nzuri, tena rahisi. Wakaimwaga baharini."

"Kwa nini, Madam?" akauliza mwingine, wa nyuma.

"Kwa sababu ilikuja na kodi ndogo ambayo hawakuulizwa. Kuinywa kungekuwa kukubali kwamba wengine waamue kwa niaba yao daima."

Niliwamalizia: bandari ikafungwa, baraza lao likanyang'anywa madaraka, na hata baada ya risasi za kwanza kulia bado walimwandikia mfalme barua ya mwisho wakijiita raia wake watiifu. Mfalme akakataa hata kuipokea. Hakukuwa na asubuhi moja waliyoamka wakasema leo sisi ni waasi. Waliusogelea uasi kidogo kidogo, wakirudishwa nyuma kila walipobisha hodi.

Kengele ikalia. Sikuona lolote la ajabu. Walikusanya vitabu wakaenda maabara.

Wiki hiyo yule binti wa Asembo Bay alinijia na wenzake wawili chumba cha walimu.

"Madam, tunataka kumwandikia mkuu kuhusu uchaguzi na Jumamosi. Utuandikie?"

"Siwaandikii. Andikeni wenyewe, na msiweke neno ambalo hamwezi kulirudia mbele yake."

Waliandika, kwa heshima zote. Hawakujibiwa. Wakaandika tena. Safari hii jibu lilitolewa gwarideni, mbele ya shule nzima: "Shule si bunge. Mlikuja hapa kusoma." Basi wakaomba kumwona. Walikaa kwenye benchi nje ya ofisi yake mpaka kengele ya chakula cha mchana, wakaambiwa mama ana mkutano, warudi darasani.

Wasichana wakaanza kunong'ona kwenye mistari, na nyimbo za jioni zikapoa. Naibu wa mkuu, bwana mmoja mwema lakini asiyependa kupeleka habari ngumu, alimwambia mkuu kwamba watoto wananung'unikia chakula. Hilo lilikuwa jambo analoliweza. Tangu muhula uanze walikuwa wakinywa turungi, chai kavu isiyo na maziwa, na kipande cha mkate. Akaagiza maziwa. Akaagiza na maandazi. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba siku hiyo alienda nyumbani akidhani amewasikiliza.

Jumatatu asubuhi mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa zamu. Harufu ya maziwa na tangawizi ilinipokea nikiwa bado uwanjani. Nilikuta bwalo limejaa na kimya kama kanisa kabla ya ibada. Maandazi yalikuwa mezani, yanatoa mvuke, hakuna aliyeyagusa. Na kila msichana alikuwa amekigeuza kikombe chake kifudifudi mbele yake. Meza baada ya meza, vikombe vya plastiki, vya buluu na vyekundu, vitako juu.

Mpishi alisimama na jagi mkononi. "Mwalimu, tumekosea nini?"

"Hamjakosea kitu, Mama. Hiyo ni chai nzuri."

Binti wa Asembo Bay akasimama. Hakupaza sauti. "Madam, tunaomba umwambie mkuu tunashukuru kwa maziwa. Hatukuomba maziwa. Tutaingia darasani kwa wakati, na mchana tutakula kama kawaida."

Akaketi.

Nitakuwa mwongo nikisema sikujivunia. Lakini fahari yangu haikukaa hapo kwa utulivu, kwa sababu kwenye meza ya viranja, peke yake, aliketi kiranja mkuu aliyeteuliwa na ofisi, na yeye alikuwa anakunywa. Alikuwa binti wa mchungaji, mrefu, mkimya. Bwalo zima lilikuwa linamtazama.

Nikaenda nikaketi karibu naye. "Hujaungana na wenzako."

"Niliapa mbele ya shule kwamba nitasimama na ofisi, Madam. Bado sijaambiwa kiapo kimeisha."

"Unaona ofisi haijakosea?"

"Imekosea. Nimeiambia mwenyewe, nikiwa ndani ya ofisi." Akanywa tena. "Lakini nje siwezi kuigeuka."

Akamaliza kikombe, akakiosha, akatoka na wengine kwa mstari.

Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Mchana walikula ugali na omena, dagaa wa ziwa letu, jioni walikula maharagwe. Kilichorudi jikoni kilikuwa chai ya asubuhi na maandazi yake, na nguruwe wa shule walifaidi sana wiki ile.

Mkuu aliniita. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye kiti, na uso wake ulikuwa umechoka kuliko nilivyowahi kuuona.

"Mwalimu, umewafundisha mgomo."

"Nimewafundisha serikali ya Marekani, Madam. Iko kwenye mtaala."

"Unajua wanafunzi wakigoma mabweni yanavyochomwa katika nchi hii? Nina watoto wa watu hapa. Kila nikisikia kelele nje nafikiri ni moto."

Hapo nilimwelewa. Hakuwa anatetea cheo. Alikuwa anaogopa, na aliyeogopa namna hiyo husikia kila mnong'ono kama mlipuko.

"Najua," nikasema. "Ndiyo maana nashukuru wameshika vikombe, hawakushika kiberiti. Watoto hawa bado wanakunyoshea mkono uushike."

"Bodi inakaa Alhamisi. Andika kuomba radhi, nitawaambia wayamalize."

"Bodi nitaiona. Radhi sitaandika."

Hakukasirika. Alikaa chini polepole, akaniambia naweza kwenda.

Alhamisi magari yaliingia langoni. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mzee wa Milimani, mtumishi wa serikali mstaafu, aliyewahi kutawala wilaya kadhaa enzi zake, na bado alikuwa na tabia ya kumngoja mtu amalize sentensi. Alikuwapo mama mmoja wa kanisa, na mfanyabiashara Mwislamu mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye binti yake alisoma kwetu. Wengine sikuwajua sana. Mkuu aliketi upande, mikono mapajani.

"Mwalimu," mzee akaanza, "inasemekana somo lako limewachochea wanafunzi. Unasemaje?"

"Nasema bodi ilisikie somo lenyewe, Mzee, kisha iamue."

Wakatazamana. Mama wa kanisa akatabasamu. Mzee akasema, "Fundisha."

Nilisimama, nikafundisha. Sikubadilisha kitu. Niliwaambia juu ya vita na hazina tupu, kodi ya karatasi, askari mjini, barua zilizorudi bila jibu. Niliwaambia pia kuhusu wenyeji walionyang'anywa ardhi na watumwa ambao uhuru ule haukuwahesabu. Nilipofika kwenye chai, mwenye duka la vitambaa alinikatiza.

"Samahani, Mwalimu. Mimi ni mtu wa biashara. Kitu kikishuka bei, watu hununua. Hao walikataa vipi?"

"Kwa sababu kwa kununua wangekuwa wameuza na sauti yao, Bwana. Ukimnyima mtu sauti, halafu ukampa kitu kizuri, anajiuliza unamlipa kwa nini."

Akafikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali. "Hata mke wangu yuko hivyo," akasema, na chumba kikalegea kidogo.

Nilipomaliza, mzee alitazama nje ya dirisha. Nadhani alikuwa anazikumbuka wilaya zake. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza.

"Na huyo mfalme. Angefanya nini asiwapoteze?"

"Mengi, Mzee. Lakini la kwanza, angeenda kuwaona. Katika maisha yake yote hakuvuka bahari ile hata mara moja. Aliwajua kwa kuambiwa."

Mzee akamgeukia mkuu. Sauti yake haikuwa kali. "Mama, wewe umekaa na hawa watoto?"

"Nimezungumza nao gwarideni, Mzee. Mara nyingi."

"Nauliza kama umekaa nao."

Mzee akasimama.

"Bwalo liko wapi?"

"Ng'ambo ya uwanja tu, hapo."

"Basi twende."

Tukavuka uwanja wote, bodi nzima na viatu vyao vizuri, kwenye nyasi zilizonyeshewa. Wasichana walikuwa kwenye chakula cha mchana. Walipotuona wakasimama wote. Mzee akawaashiria wakae, akarudi nyuma ukutani, akamwachia mkuu nafasi. Niliona mkuu akitafuta mahali pa kusimama, kama anavyosimama gwarideni. Hakupaona. Akavuta benchi la meza ya kidato cha nne, msichana mmoja akasogea, naye akaketi.

"Nimekuja kuuliza," alisema. "Nilipaswa kuja mapema. Mnataka nini?"

Walimtazama binti wa Asembo Bay, naye akasimama. "Tuchague baraza letu wenyewe, Madam. Na habari ya Jumamosi, tuulizwe."

"Nikiwauliza, si mtasema mnataka kucheza?"

"Tuulize kwanza, Madam, ndipo utajua."

Kulikuwa na kicheko kidogo, na mkuu mwenyewe akakijibu kwa nusu tabasamu. Wakazungumza mpaka ugali ukapoa kwenye sahani. Aliwaeleza kuhusu moto anaouogopa. Wao wakamwambia kwamba nao wanauogopa, wanalala humo. Sidhani alikuwa amewahi kulifikiria hilo.

Asubuhi iliyofuata vikombe vilikuwa wima.

Wasichana walipigia kura suala la Jumamosi, darasa kwa darasa, kwa siri. Wakayabakiza masomo ya ziada. Kidato cha nne ndio walioyatetea zaidi. Walichobadilisha ni saa tu, ili wabakiwe na muda wa kufua na kuanika kabla jua halijapungua. Mkuu alikuja darasani kwangu na karatasi ya matokeo mkononi, haamini.

"Wamejichagulia kitu kilekile."

"Hata wale wa Marekani, Madam. Walipojitawala walijitoza kodi, tena kubwa kuliko ya mfalme."

Katika uchaguzi wa baraza, binti wa Asembo Bay alishinda kwa kishindo. Binti wa mchungaji aligombea pia, kwa ujasiri ambao sijui aliutoa wapi, akapata kura za kuhesabika kwa vidole. Akarudisha beji ya ofisi. Lakini haikuishia hapo. Mtu aliandika "kibaraka" kwenye dawati lake. Kwenye bweni vitanda vya jirani vikahamishwa. Bwaloni aliendelea kukaa peke yake, ingawa sasa kila mtu alikuwa anakunywa chai ileile.

Kipindi kilichofuata niliweka mahakama za Marekani kando. Niliwafundisha juu ya watu wa makoloni waliobaki upande wa mfalme. Wengine walikuwa waoga au walafi, lakini wengine walikuwa wameapa tu, na waliona kiapo ni kiapo. Nyumba zao zilitwaliwa. Wengine walimwagiwa lami ya moto na kubandikwa manyoya ya kuku, wakatembezwa mjini watu wakishangilia. Maelfu walipanda meli na kwenda kaskazini kwenye baridi, wasirudi tena walikozaliwa.

Binti wa Asembo Bay alikuwa ameacha kuandika.

"Madam, haya hayamo kwenye mtihani."

"Hayamo."

"Mbona unatufundisha?"

"Kwa sababu mmeshinda."

Binti wa mchungaji alikuwa anatazama dawati lake. Niliwapa kazi ya nyumbani nikatoka.

Kesho yake sikuwa wa zamu, lakini nilipita bwaloni makusudi. Kiongozi mpya wa baraza alikuwa amebeba kikombe chake na andazi, amekaa mkabala na binti wa mchungaji. Walichokuwa wakisema sikukisikia. Hawakuja kuwa marafiki wa kufa kuzikana, na sikutarajia. Walizungumza, na baada ya siku chache meza ile ikajaa. Dawati lilipigwa msasa na mtu ambaye hakujitaja.

Mimi bodi ilinipa onyo la maandishi, kwamba niliona dalili nikakaa kimya bila kuiarifu ofisi. Niliweka sahihi kuwa nimelipokea. Mkuu naye alibaki, na sasa hivi ninapoandika bado ndiye mkuu wetu, na mara moja kwa wiki anakula mchana bwaloni. Hapendi ugali wa jikoni letu, lakini anaumaliza.

Muhula uliofuata aliniita tena ofisini. Safari hii alikuwa amenimiminia chai mwenyewe.

"Baraza linahitaji mwalimu mlezi," alisema. "Nimefikiria nikuteue wewe. Hakuna anayefaa zaidi."

Nilifurahi, siwezi kuficha. Pia nilijua kura zikipigwa nitashinda. "Asante, Madam. Lakini si vizuri uniteue. Waache wachague wao."

Akanitazama, akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Wasichana wakapiga kura Ijumaa. Walimchagua mwalimu wa kilimo.

Nilipomuuliza binti wa Asembo Bay kwa nini, alinijibu kwa ile sauti yake ya upole. "Yeye hutusikiliza mpaka mwisho, Madam. Wewe hutufundisha."

Nikampa hongera mwalimu wa kilimo, nikaenda kipindi changu cha kidato cha pili.